Pazia la Magunzi

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana siku inajulikana na saa inajulikana: siku ya Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, mlango wa Kindi uligongwa. Gu! Gu! Gu!

Kindi alikuwa ndani ya nyumba yake, yaani ndani ya tundu la mfenesi mkubwa ulioota mwisho wa mtaa. Alishtuka, mkia ukamsimama kama fagio. Alikuwa na wasiwasi huyo! Hata jani likianguka, yeye hujiuliza amekosa nini.

Aliyegonga alikuwa Tembo, mwenyekiti wa kamati ya mapambo. Nyuma yake walisimama Kiboko na Nyati, wajumbe, ambao kazi yao kubwa katika kamati ilikuwa kuitikia.

"Hodi!" akanguruma Tembo, wakati bawaba ya mlango imeshang'oka.

"Karibu, mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, Kindi. Jumamosi Mama Simba anamwoza binti yake. Msafara wa harusi utapita mtaani kwetu, nyumba hadi nyumba. Kila nyumba itundike pambo mlangoni. Na liwe pambo la ng'ambo."

"La ng'ambo!" akaitikia Kiboko.

"Na nailoni yake!" akaitikia Nyati.

"Na asiye nalo, mwenyekiti?"

Tembo akaupapasa mfenesi kwa mkonga wake, polepole, kama mnunuzi anavyompapasa mbuzi mnadani. "Nyumba ya aibu haifai kuonekana na wageni. Mti huu nauona haujashika sana ardhini. Kesho jioni tunakuja kukagua."

Wakaondoka. Thu! Thu! Thu! Vumbi lilipotulia, Kindi alikuwa bado amesimama palepale, bawaba mkononi. Mfenesi ule alizaliwa humo. Mama yake alizaliwa humo. Uking'olewa, hana pengine pa kwenda.

Sasa, wanangu, desturi ya mtaa ule mwielewe, msije mkadhani hadithi inawadanganya. Kule, kitu kilichotoka ng'ambo hakivuliwi nailoni. Kukivua ni sawa na kutembea uchi. Kochi la Tembo lilikuwa na nailoni mwaka wa saba. Kila akiketi, aliteleza, swiii! mpaka sakafuni, na wageni wake wakawa wamezoea kumwamkia akiwa hukohuko chini. Saa ya ukutani ya Kiboko ilikuwa na lebo ya dukani iliyofunika kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja, kwa hiyo nyumbani kwake alasiri ilikuwa haijawahi kufika. Na Nyati! Nyati alikuwa na mwavuli. Mvua ikinyesha alitoka nao nje ukiwa umekunjwa ndani ya mfuko wake, akaloa chepechepe, huku akiwaambia wapita njia, "Mnauona? Bado mpya!"

Msimcheke Nyati peke yake. Kindi naye alikuwa walewale.

Alipokuwa mdogo, Kindi hakukaa bure. Akipata gunzi, alilitia macho na kulivika gauni. Akipata kifuu, kesho yake kifuu kilikuwa kobe. Siku moja ameketi mlangoni na mwanasesere wake wa gunzi, Kiboko akapita, akasimama, akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Ha ha haa! Njooni mwone! Kumbe taka nazo zina macho!"

Mtaa mzima ukacheka. Kindi akamtia mwanasesere motoni, akajiambia kwamba atafanya kazi ya mikono siku atakapopata vifaa vya maana.

Vifaa vikaja. Shangazi yake alimletea kisanduku cha rangi kutoka ng'ambo, rangi za kila namna, kimefungwa vizuri ndani ya nailoni. Kindi akakiweka juu ya rafu. Akaogopa kukifungua asije akakiharibu. Akawa anakifuta vumbi kila Ijumaa. Kazi yake ya sanaa kwa miaka yote ile ilikuwa hiyo: kufuta vumbi.

Basi Alhamisi ile akakishusha. Akaichana nailoni. Chwaa!

Rangi zote zilikuwa zimekauka. Akaigonga ya kijani kwa ukucha: ko, ko! Jiwe. Akailamba nyekundu. Jiwe lenye ladha ya vumbi.

"Mjinga wewe," akajiambia kwa sauti. "Ulikuwa unamtunzia nani?"

Akalia kidogo. Kulia kukamtia njaa. Akachoma hindi, akalila, na alipomaliza akabaki na gunzi mkononi, mawazo yako mbali. Mkono ndio ulioanza. Mkono ukaligeuza gunzi. Ukachukua kisu. Ukakata kipande chembamba, mviringo, kama sarafu.

Kindi akakitazama. Akasogea dirishani akakitazama tena.

"Haa! Kuna ua ndani!"

Kweli, wanangu. Likateni gunzi mviringo, mtaliona: katikati duara laini, na pembeni petali zimejipanga kwa ustadi ambao hata fundi wa mji hana. Kila siku wanayatupa.

Akakata la pili. Akakata yote aliyokuwa nayo. Baadhi ya vipande akavikoroga kwenye bizari, vikawa vya njano. Vingine akavipaka masizi ya sufuria. Vingine akavichovya kwenye maji ya maua ya choya, vikatoka vyekundu kama midomo ya bibi harusi. Magunzi yakaisha, akatoka mbio na kikapu hadi jalala la Kiboko, kisha jalala la Tembo, akinyata ukutani asionekane. Akarudi na magunzi, vifuu, makumbi na maganda ya mahindi.

Vifuu akavipasua na kuvisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa. Makumbi akayasokota kamba. Maganda ya mahindi akayalowesha, akayakunja, yakawa ndege: mdomo huku, mbawa huku. Kamba moja aliifumua mara tatu kwa sababu ndege wa mwisho alikuwa anatazama chini na wenzake wote wanatazama mbele. Alifanya kazi huku akiimba puani. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, hakujiuliza amekosa nini.

Ijumaa jioni pazia lilikuwa limetundikwa mlangoni, kamba kumi na mbili toka juu hadi chini. Upepo ukipita, chaka-chaka-chaka, ndege wote wanapepea.

Kamati ikafika. Thu! Thu! Thu!

Tembo akalitazama pazia. Akamtazama Kindi. Akalitazama tena.

"Nini hiki?"

"Pazia, mwenyekiti."

"Nailoni yake iko wapi?"

"Halina. Nimelifanya mwenyewe."

"Mwenyewe!" Kiboko akashika mbavu. "Jamani, huyu hajaacha tu! Si magunzi haya? Taka!"

"Taka!" akaitikia Nyati, maji ya mvua ya mchana bado yakimdondoka puani.

"Taka tupu," akahukumu Tembo. "Twende tukamkague Kobe hapo jirani. Tukirudi, huu mti tunaung'oa. Funga virago, Kindi."

Wakaingia kwa Kobe. Kindi akabaki anatweta. Alitaka kukimbia. Alitaka kulichana pazia vipande vipande. Akaligusa ili alichane, na mkono ukakataa. Hapo ndipo hasira ikampanda, na hasira ikamfukuzia woga wote.

"Nailoni," akasema. "Wanataka nailoni. Subirini niwape nailoni!"

Pyuu! Akaruka ukuta, akaingia jalalani kwa Tembo. Pale palikuwa na gamba zima la nailoni lililochanika wakati friji mpya ya Tembo inapitishwa mlangoni, ajali ambayo Tembo aliililia siku nzima. Ndani mlikuwa na lebo tatu za maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Pyuu! Akarudi. Akalifunika pazia lilelile mahali palepale. Akabandika lebo moja juu, moja kati na moja chini, kichwa chini miguu juu. Kisha akaketi pembeni, akakunja mikono.

Kamati ikatoka kwa Kobe. Thu! Thu! T...

"Masalale!" Tembo akasimama ghafla, Kiboko akamgonga kwa nyuma. "Hili limetoka wapi?"

Lebo zilikuwa zinajibu.

"Ng'ambo hiyo," akanong'ona Kiboko. "Tazama maandishi. Hayasomeki kabisa!"

"Ukiona hayasomeki, ujue ni mali," akasema Nyati.

"Huo ndio ufundi!" akapaza sauti Tembo ili mtaa mzima usikie. "Hawa wenzetu wa ng'ambo wana mikono! Mnaona ile njano? Huku kwetu njano kama ile hamna."

Ilikuwa bizari ya shilingi chache. Kindi akauma ulimi.

"Na wale ndege," akasema Kiboko, machozi yakimlengalenga. "Mtu wa huku awe na akili ya kutengeneza ndege kama wale? Athubutu!"

Majirani wakajaa. Kila mmoja akasifu alichokiona, yaani nailoni. Tembo akaanza kulimezea mate pazia, mkonga ukajinyoosha wenyewe.

"Kindi, kitu hiki ni kikubwa kwa kibanda chako. Bibi harusi atapumzika barazani kwangu. Kitatundikwa kwangu. Kwa heshima ya mtaa."

"Mwenyekiti atakavyo," akasema Kindi kwa upole. "Ila apokee mbele ya watu. Aseme yeye ndiye aliyelichagua. Na aseme mfenesi wangu hauguswi."

"Nani aguse mti wako? Sikieni nyote! Pazia hili nimelichagua mimi, Tembo, na nasema mtaa huu haujawahi kuwa na pambo zuri kama hili! Na mti wa Kindi hauguswi!"

"Hauguswi!" wakaitikia wajumbe.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Msafara ukaja na ngoma na vigelegele, bibi harusi akaketishwa kwenye kochi barazani kwa Tembo, nyuma ya pazia. Alivyoketi, akateleza, swiii! Mama Simba akamdaka kwa mkono mmoja. Nailoni ya kochi ikamnata shingoni, nailoni ya pazia ikatoa jasho na kuwa na ukungu.

"Nini haya?" Mama Simba akauliza. "Simwoni mwanangu kwa ukungu. Vueni!"

"Mama, haivuliwi!" Tembo akaruka. "Kitu cha ng'ambo..."

Mama Simba hakuwa mtu wa kamati. Alitoa ukucha mmoja tu, akaupitisha kwenye pazia na kwenye kochi. Chwaaa!

Mtaa mzima ukafumba macho kwa aibu. Upepo ukapita: chaka-chaka-chaka. Mmoja akafumbua jicho, kisha wa pili.

Kiboko alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, na mdomo ule ukifunguka haufungiki haraka. "He! Gunzi lile ni langu! Si alama za meno yangu zile? Hizi ni taka za jalalani kwangu!"

Ngoma ikakoma.

"Taka?" Mama Simba akasema taratibu. Kucha nyingine nne zikatoka. "Nani ameleta taka kwenye harusi ya mwanangu?"

Mkonga wa Tembo ukaanza kuinuka kumwelekea Kindi, aliyekuwa juu ya ukuta. Kindi akauona unakuja. Akasimama mkia juu, akapaza sauti.

"Mwenyekiti, jibu kwa uangalifu. Jana umetangaza mbele ya watu wote hawa kwamba umelichagua wewe. Leo liko kwako, kwenye misumari yako. Kama ni taka, tuambie ni taka."

Mkonga ukabaki hewani. Tembo akamtazama Mama Simba. Akazitazama kucha. Jasho likamshuka nyuma ya masikio.

"Si... si taka, Mama."

"Ni nini?"

"Ni pambo."

"Kiboko?"

"Pambo, Mama! Pambo la hali ya juu!"

"Pambo!" akaitikia Nyati kabla hajaulizwa.

Bibi harusi hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amemshika ndege mmoja kati ya vidole vyake. "Mama, tazama, huyu ni ganda la hindi! Nani amefanya?"

Kwa miaka yote Kindi alikuwa ameliogopa swali hilo.

"Mimi," akasema.

"Njoo ukae karibu yangu, fundi. Nionyeshe walivyokunjwa."

Kindi akashuka, akakaa kochini. Nailoni ilikuwa imeshang'olewa, akatulia vizuri.

Kesho yake asubuhi, Kindi alirudishia bawaba ya mlango, akafagia uwanja, akazitupa rangi zilizokauka na kisanduku akabaki nacho. Kisha akachukua kikapu, hakunyata ukutani, akapita katikati ya njia huku watu wanamwona, mpaka jalalani kwa Tembo. Akainama, akaanza kuchagua.

Tembo akachungulia dirishani. "Wewe Kindi! Asubuhi yote hii unaokota..."

"Naokota nini, mwenyekiti? Malizia."

Tembo akatazama huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa umesimama unasikiliza. Akameza mate, glu!

"Mapambo," akasema, akafunga dirisha.

Basi wanangu, anayesifu nailoni hajui kilichomo ndani, na anayengoja rangi za ng'ambo huikausha mikono yake mwenyewe.