Mume wa Chumvi

Akina mama, kuna mwenzetu mmoja, na mtaa wake msiniulize, alikataa mkwe kwa sababu ya kucha. Kijana mpole, anachoma mkaa na kuuza, basi kucha zake nyeusi. Siku shangazi wa kijana alipoleta posa, mama akamwacha amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani:

“Humu ndani mkaa hauingii! Mimi mwanangu nimemlea kwa maziwa na sukari, siyo kwa masizi.”

Chai yenyewe anachemshia nini? Tuyaache.

Binti alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Hakulia. Akamwaga sukari kwenye kikaango kikavu, akaiacha motoni. Ikayeyuka, ikawa rangi ya asali, ikafuka moshi, ikawa nyeusi tititi. Akaunguza unga, nao mweusi. Kipande cha nyama, cheusi. Mwisho akaweka chumvi. Ikarukaruka weee, ikabaki nyeupe vilevile.

Akavipanga vyote kwenye sinia, akatoka nalo mpaka mlangoni.

“Makubwa! Umeunguza nini hiki?”

“Sukari yako, mama. Na unga, na nyama. Mkaa huu hakuna aliyeuleta. Ulikuwemo.”

“Katupe!”

“Nikiutupa, nijitupe na mimi, nikutupe na wewe, maana sote tumeumbwa nao. Kilichokataa kuwa mkaa ni hii chumvi tu, ambayo haijawahi kuwa hai. Kwa hiyo kama mkaa huutaki, nitafutie mume wa chumvi. La sivyo, mimi naolewa na yule.”

Shangazi alijibana asicheke, akashindwa. Mama akalitazama sinia, akamtazama binti, akaona huyu harudi nyuma. Akasogea pembeni.

“Haya, shangazi, karibu ndani. Na huyo mkwe mwambie asije mikono mitupu, gunia langu limekwisha.”

Mjukuu wangu anasema shuleni kitu hicho wanakiita kaboni. Eti kina mikono minne, na kazi yake ni kushikana na wenzake. Kikishikana hivi ni sukari, kikishikana vile ni mafuta, vile tena ni jani, ni nyama, ni damu. Mnaona? Mungu alipotaka uhai hakuchagua dhahabu. Alichagua kinachokubali kushikana.

Sisi je? Tuna mikono miwili tu, na yote tumeikunja kifuani. Nani umemwacha nje kwa sababu ya kazi yake, au kabila la mama yake? Wewe wa mbele usiangalie chini, habari zako ninazo. Tunaomba uhai katika nyumba zetu huku tunafukuza mikono inayouleta! Hapana, akina mama. Leo tukitoka hapa, kila mmoja apitie kwanza kwa yule aliyemkataa, amshike mkono.

Kesho nitapita kuuliza.