Magadi ya Mboga

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana mimi sijaapa.

Kwetu mbugani, penye nyumba chache na ng'ombe wengi, kila mwaka watu hushindana kumvuta fahali kwa kamba mpaka nguzoni, na ni mwiko kumlambisha kitu. Mshindi ndiye hutangulia kunywesha lamboni kiangazi chote. Chilewa, tajiri wa ranchi, alishinda kila mara, na ng'ombe wa mjane Nyemo wakabaki kulamba tope.

Asubuhi ya mashindano Chilewa alimkuta Nyemo akitia ukili wa mkeka rangi nyekundu.

"Mama, niuzie magadi."

"Ya mboga, baba, au ya ng'ombe?"

"Ya mboga! Ng'ombe wametoka wapi tena?"

"Basi ngoja nikuchanganyie yale mazuri ya ndani."

Uwanjani fahali aliwaburuta wanaume kama mifagio. Ilipofika zamu ya Chilewa, fahali akamfuata taratibu kama bibi harusi, huku mkono wa kulia wa tajiri umejificha nyuma, chini ya shuka. Walipofika nguzoni, Nyemo akapiga vigelegele na kumkimbilia.

"Hongera, baba! Lete mkono."

Chilewa akatoa wa kushoto.

"Yuu! Mtu mzima mimi nipewe wa kushoto mbele za watu?"

Wazee wakaguna. Ikabidi Chilewa autoe wa kulia, mwekundu kama ukili wa Nyemo. Fahali naye akausogelea na kuulamba mbele ya wote, ulimi wake mwekundu vilevile.

"Kumbe mboga yenyewe ndiyo hii, baba," Nyemo akasema, "na mlaji ndiye huyu?"