Oili ya Mteremkoni

Ukipimia mteremkoni, utaongeza kilichojaa. Mmeisikia jana kanisani, mkacheka na wenzenu bila kujua mnachekea nini, na leo mnaniuliza ilitoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, tena haikuanza kwa wahenga. Ilianza kwa pikipiki.

Katika kijiji cha Kitulilo, juu milimani ambako ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi, palikuwa na zahanati ya kanisa, na zahanati ilikuwa na pikipiki moja ya magurudumu manne. Dereva wake aliitwa Zefania Luvanda, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti mabovu na moyo wa kumcha Mungu. Kazi yake ilikuwa kumpeleka muuguzi, Mama Eselina Tweve, pamoja na sanduku la chanjo, kwenye vitongoji vitatu vya ng'ambo ya mto. Kabla ya chombo hicho kuja, Mama Eselina alibeba sanduku begani, mwendo wa saa tano kwenda na saa tano kurudi, na mara nyingi barafu iliyeyuka kabla hajafika. Alikuwa akifika kwa watoto na chanjo isiyofaa tena.

Mwaka ule pikipiki ilianza kula oili. Kila asubuhi Zefania alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakichovya, akakitoa: chini ya alama. Akaongeza. Wakishika njia, moshi wa bluu ulitoka nyuma, mzito kama wa majani mabichi. Kesho yake kijiti kilisema vilevile. Akaongeza tena. Aliishi hivyo miezi minne. Alichoka mwili, kisha akachoka na kule ndani. Hata sala zake zilifupika. Alikuwa akisema tu, "Bwana, unaiona," halafu ananyamaza.

Mafundi wawili waliitwa. Wa kwanza alinusa moshi akasema ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kuungua, zimekwisha. Wa pili alisema hivyohivyo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Basi ofisi ya kanisa kule mjini ikaleta barua: Jumatatu gari litakuja kuichukua pikipiki, maana haifai tena, na hakuna nyingine. Mama Eselina aliisoma, akaikunja, akaenda kulitazama lile sanduku na mkanda wake wa begani.

Ijumaa alipita Fundi Gaudensi Mahenge, mzee wa kutengeneza mashine za kusaga, akiwa safarini kwenda Idunda. Mama Eselina alimkimbilia barabarani, akamwomba aiangalie.

"Kamwene, Luvanda," alisalimu fundi. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yule pale. Wenzako wameshaandika cheti cha kifo. Wewe umekuja kuzika?"

"Mimi sizikagi mtu kwa harufu."

Gaudensi alifungua plagi, akaikuta imelowa oili. Akafunga geji ya kupimia mgandamizo mahali pa plagi, akamwambia Zefania apige stata. Sindano ilipanda, ikatulia juu. Alirudia mara tatu.

"Ringi zilizokwisha hazisukumi hivi," alisema. "Kifua chake kizima."

Kisha akafungua chujio la hewa. Sponji yake ilikuwa ikichuruzika kama andazi lililotoka kikaangoni.

"Na huku puani oili inatafuta nini?" Akaketi juu ya jiwe. "Luvanda, moshi ulianza lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Pasaka kulitokea nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna!" Mama Eselina alidakia kutoka barazani. "Tulivyoponea kule darajani ni hakuna?"

Ndipo Zefania akaeleza. Wiki ya Pasaka waliserereka kwenye daraja la magogo, magurudumu mawili yakabaki yananing'inia hewani, na hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo aliacha kuegesha uwanjani mbele ya zahanati. Akawa anaiegesha kwenye kilima cha kanisa, uso wake ukielekea mlango. Kila asubuhi alipiga magoti pale akashukuru, na akishainuka alipima oili, palepale.

"Palepale?" aliuliza Gaudensi. "Pua juu, mkia chini?"

"Ndiyo. Ielekee kanisani."

Fundi aliinuka kwenye jiwe. "Isukumeni twende chini."

Waliishusha hadi uwanja wa mpira wa wavu, palipo tambarare, wakaiacha itulie.

"Haya, pima."

Zefania alichovya kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Akakipangusa kwa shati, akachovya tena. Vilevile.

"Sikiliza," alisema Gaudensi taratibu. "Ikitazama juu, oili hukimbilia nyuma, na kijiti kiko mbele. Unaona pungufu, unajaza. Ikizidi, injini inaikoroga humo ndani na kuitapika kwa mpira wa kupumulia, inaingia kwenye chujio, inavutwa, inaungua. Ndio moshi wenu huo. Haikuwa na njaa, Luvanda. Ilikuwa imevimbiwa."

Zefania aliketi chini. "Miezi minne," alisema. "Kwa hiyo shukrani yangu ndiyo iliyotaka kuiua?"

"Usimsingizie Mungu. Yeye hakukutuma upime oili kanisani. Shukuru kule, pima huku."

Mama Eselina alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

Wakamwaga iliyozidi, wakaosha chujio. Zefania aliijaribu peke yake. Moshi ulimfuata mpaka mtoni, kwa kuwa oili iliyobaki humo ndani ya mashine ilibidi iungue kwanza, naye aliendesha meno yakiwa yamekazana. Kilima cha pili ulipungua. Kilima cha tatu aligeuka nyuma, akaona barabara tupu. Hakushangilia, alikuwa amechoka mno. Alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akasema, "Asante," akasinzia palepale.

Jumatatu saa tatu gari la ofisi lilifika, na ndani yake Bwana Nikodemu Kyando, kijana mwungwana. Akaikuta pikipiki inanguruma bila moshi, akafurahi kwelikweli. Kisha akachungulia ndani ya zahanati. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu, na Mama Eselina amekaa peke yake anakunywa chai. Haikuwa siku ya kliniki, na tangu Jumamosi alikuwa na mzazi aliyejifungua kwa shida.

"Kumbe nafasi ipo," alisema Bwana Kyando. "Pikipiki imepona, na wewe Mama naona unapumzika. Tuwaongezee vitongoji viwili vya Idunda, kuanzia wiki hii."

Mama Eselina aliweka kikombe chini. Zefania aliona macho ya muuguzi yalivyo mekundu kwa kukesha. Yeye dereva maisha yake yote hakuwahi kubishana na mtu wa ofisi. Akavua kofia.

"Samahani, Baba. Hapo uliposimama ni mteremkoni."

Bwana Kyando alitazama miguu yake. Sakafu ilikuwa sawa kabisa.

"Miezi minne nilipima pabaya," Zefania alisema, "nikaona pungufu, nikaongeza, nikaongeza, nusura niiue pikipiki hii. Nawe umempima Mama huyu Jumatatu, akiwa na chai. Njoo umpime Alhamisi, ng'ambo ya mto, watoto sitini wanamlilia."

Bwana Kyando hakukasirika. Alhamisi alikuja. Alipewa daftari aandike majina ya watoto, akaandika mpaka vidole vikafa ganzi, na Mama Eselina bado alikuwa ameinama, mtoto baada ya mtoto, hajanywa hata maji. Jioni alifunga daftari akaondoka bila kutaja vitongoji vya Idunda. Na wakubwa wake mjini walipomuuliza kwa nini hakuwaongezea watu wa Kitulilo kazi, ilhali pikipiki yao ni nzima, aliwajibu kwa somo alilopewa na dereva:

"Ukipimia mteremkoni, utaongeza kilichojaa."