Sukari na Mlango wa Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Mko macho?

Macho kodo!

Basi kaeni vizuri, na anayetafuna karanga atafune polepole.

Hapo kale palikuwa na Bi Seli. Nyumba yake ilikuwa ndogo mno, hata inzi hakuwahi kuiona. Ukuta wake ulikuwa wa mafuta matupu. Siku moja jiko lake likaanza kuzimika, na jiko likizimika, nyumba nzima imekwisha.

"Sukari, njoo upesi!" akaita. "Jiko linakungoja!"

Sukari, mnene mwenye maringo, akajua amealikwa kula. Akafunga safari. Alipofika akamwona Hewa anapenya ukutani, pyu! Naye akajirusha. Du! Akadunda, akakaa kitako.

Akamwona Mafuta anapenya, pyu!

"Kumbe ni kujipaka tu!" Akajipaka mafuta toka utosini hadi unyayoni, akajirusha. Du! Akateleza, akakaa kitako. Msicheke, jamani. Haya, chekeni kidogo.

Sukari akalia kwa uchungu. Njaa inamuuma na karamu inampita!

Akatokea Chumvi, kanzu imejaa vumbi. "Nyamaza, ndugu yangu. Mimi bawabu wa nyumba hii hunitupa nje kila siku. Lakini uko mlango wa wawili. Desturi yake, haufunguki mpaka mimi na wewe tushikane mikono."

"Nami mzito hivi?"

"Wewe nishike tu. Huku nje jamaa zangu wamejaa tele, watatusukuma."

Wakashikana. Wakasukumwa. Pyu! Ndani.

"Karibu, karibu!" Bi Seli akafurahi. "Pita jikoni!"

"Asante, Bibi. Chakula kiko wapi?"

"Chakula? Baba, wewe ndiwe kuni!"

Kabla Sukari hajafunga mdomo, jiko likawaka, vuu! Nyumba ikapata nguvu. Bawabu, aliyekuwa amelegea kwa baridi, akasimama, akakunja mikono ya shati. Akamkamata Chumvi na nduguze wawili waliotangulia kuingia. Wa kwanza, puu! Wa pili, puu! Wa tatu, puu!

Chumvi akaangukia vumbini. "Sukari we! Mimi nimekuingiza, na nguvu zako ndizo zimenitoa!"

Akajipangusa kanzu. Mara akaona Sukari mwingine anakuja, mnene, mwenye maringo.

"Karibu, ndugu yangu," akasema Chumvi, akinyoosha mkono. "Umealikwa kula?"

Ngano yangu imeishia mlangoni. Yenye utamu gawaneni, yenye chumvi niachieni mwenyewe.