Ufunguo wa Nyumba ya Sumu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi mkononi ila hukumu sina. Nimeizungusha kichwani siku nyingi, na kila nikidhani nimeipatia jibu, nalala, na nikiamka nalikataa. Basi nimewaletea nyinyi.

Kijiji kinaitwa Mwagindala, huko kwenye nchi ya pamba. Waliishi hapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mbuke, muuza mafuta ya alizeti. Kipaji chake kilikuwa pua. Ukimfungulia chupa, alikwambia mafuta hayo yalikamuliwa mwezi gani, na kama yamechanganywa na ya mwaka jana. Akipita mlangoni kwako asubuhi, alijua jana ulipika nini.

Wa pili ni Sayi, fundi wa kuziba. Kipaji chake kilikuwa mikono. Sufuria, ndoo, dumu, tangi la maji, alichokiziba Sayi hakikuvuja tena.

Wa tatu ni Masunga, mtunza ghala la dawa katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kipaji chake kilikuwa subira. Angeweza kukaa mbele ya mlango wa ofisi tangu unafunguliwa hadi unafungwa, bila kununa wala kuinua sauti, na siku ya pili akarudi kukaa palepale.

Pia alikuwepo Kabula, mama wa watoto wawili wa kike, Limi na Holo. Watu wote walimwita mama Limi. Huyu sikumtaja kwa kipaji, maana aliingia katika kisa hiki kwa sababu ya dumu.

Lilikuwa dumu la bluu, la lita ishirini, lililoletwa kiwandani likiwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Msimu wa kupulizia dawa ulipokwisha, Masunga alitakiwa kuyarudisha madumu matupu yote wilayani. Kuyarudisha kulitaka barua, gari na safari. Watu walikuwa mlangoni wakiomba vyombo vya maji. Akasema, "Chukueni, ila mkayaoshe." Mume wa Kabula alikuwa mmoja wao.

Njiani dumu likapasuka shingo. Wakampelekea Sayi. Mahali pa kubandika kiraka palikuwa na karatasi yenye picha ya fuvu la kichwa. Sayi aliliona. Akachukua kisu akalikwangua, kiraka kishike vizuri, akapasha chuma moto akaziba. Hakuuliza litabeba nini. Kazi zilikuwa zimemwelemea.

Kisha Kabula akaenda nalo kwa Mbuke kununua mafuta. Mbuke alifungua kifuniko, akakifunga haraka.

"Humu siweki mafuta yangu," alisema.

"Kwani lina nini? Nimeliosha kwa jivu mara mbili."

"Linanuka. Nenda kalitie maji, au kalete chombo kingine."

Nyuma ya Kabula walisimama wateja saba. Mbuke alijua kabisa ile ni harufu ya nini. Lakini kulitaja neno sumu mbele ya wateja, pale pale penye mafuta yake, hakutaka. Akaita, "Anayefuata!"

Siku ya mavuno Kabula alitengeneza togwa ya kuwapelekea wavunaji. Akaitia katika lile dumu. Watoto waliachiwa kazi ya kulilinda kivulini wakati watu wazima wamo shambani, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, wakajimiminia kikombe kimoja kimoja. Adhuhuri Limi alikuja akiyumba, mate yanamtoka mdomoni, akasema, "Mama, Holo hataki kuamka." Walibebwa mbio hadi zahanati. Holo alifika amekwisha kufa. Limi alifuata kabla mganga hajamaliza kuandika jina lake.

Siku ya tatu ya msiba, Mbuke aliomba aletewe lile dumu. Alifungua, akanusa, akatapika mbele ya watu.

"Ni dawa ya pamba," alisema. "Niliinusa tangu siku ile. Nikaona niyaokoe mafuta yangu."

Sayi akainuka. "Fuvu lilikuwepo. Nimelikwangua mimi kwa mkono wangu."

Masunga akasema bila kuinua macho, "Na ghalani limetoka kwangu."

Wazee wakaogopa Kabula atawarukia. Hakuwarukia. Alisema, "Mlikuwa watatu. Watatu wazima, na hata mmoja hakuniambia, mama Limi, litupe hilo dumu." Kisha akasema jambo la pili, na hilo ndilo lililoanzisha yote mnayoyasikia. "Basi zitoeni sumu zote. Kila nyumba. Sitaki kusikia mama mwingine akilia."

Vijana walitaka kukusanya madumu wayachome moto siku hiyo hiyo. Bibi shamba wa kata alifika kwa pikipiki akawazuia. "Sumu hii mkiichoma mtaivuta," aliwaambia. "Mkiizika, mtainywa kisimani. Mkiimwaga chooni, ni kisimani vilevile. Inatakiwa ikusanywe ikiwa imefungwa, isimame wima, isichanganywe hii na ile, ije ichukuliwe na gari la wilaya. Kuna tanuru maalumu la kuiteketeza. Hapa hapana."

Mbuke alianza na pua yake. Alitembea nyumba kwa nyumba, na kila nyumba walimjibu vilevile.

"Kwetu hakuna, mama Mbuke."

"Iko chini ya kitanda cha bibi."

Na kweli ilikuwa chini ya kitanda cha bibi. Watu walificha kwa aibu, wengine kwa kuona ni hasara kuitoa dawa iliyobaki. Alitoa sumu ya panya iliyotiwa katika chupa ya dawa ya kikohozi. Alitoa tindikali ya betri katika chupa ya soda, imesimama dirishani kando ya chumvi. Alitoa unga wa dawa ya pamba ndani ya kopo la maziwa ya mtoto. Alitoa mafuta ya taa, vidonge vilivyooza, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyumba mia na kumi na mbili, siku tisa, na kote alifungua kifuniko akanusa, kwa sababu maandishi yalikwisha kufutika na pasipo kunusa isingejulikana ipi itengwe na ipi. Siku ya kumi aliamka akachemsha chai ya tangawizi, akaona anakunywa maji ya moto tu. Harufu imekwenda. Haijarudi mpaka leo. Sasa huuza mafuta yaliyochacha bila kujua, na wateja wamehama.

Sayi alifuata kwa mikono yake. Alipata mapipa sita ya chuma, akayatengenezea vifuniko vyenye mpira, vya kukazwa kwa nati. Ndani alipanga chupa moja moja, akajaza mchanga katikati zisigongane. Tindikali akaiweka mbali na dawa, dawa ya maji mbali na ya unga. Glavu hazikuwepo, akajifunga mifuko ya unga mikononi. Kwenye pipa la tano, chupa moja ilimpasukia. Dawa ikaulowesha ule mfuko wa mkononi, ikamwingia kwenye ngozi hadi kiwiko. Aliwekwa zahanati siku mbili, ya tatu akatoroka, maana mapipa mawili yalikuwa wazi na mvua inakaribia. Aliyafunga. Hakuna pipa lililovuja. Lakini mikono ile sasa inatetemeka. Mkewe humshikia kikombe, na nyundo ameigawa.

Masunga alikwenda wilayani kuomba gari. Siku kumi na moja alikaa kwenye benchi. Siku ya kumi na mbili ofisa alimwita.

"Gari lipo," ofisa alisema. "Ila fomu inataka jina la mwenye mali. Sumu hii ni ya nani?"

"Ya kijiji kizima."

"Kijiji si mtu, mzee. Bila jina siwezi kulitoa gari barabarani."

Masunga alipiga simu nyumbani. Aliwaita wakubwa wa kijiji mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu ana kesi, huyu anagombea uongozi, huyu mkewe hataki. Akakata simu, akachukua kalamu akaandika jina lake, kuwa mapipa sita ya sumu ni mali yake. Gari lilikuja, likapakia, likaondoka. Kiwanda kiliiona fomu kikamfukuza kazi. Na watu, walewale waliokataa kuandika majina yao, wakaanza kusema, "Kumbe yote ilikuwa yake." Hata vijiji vya jirani wakimwona wanasema, yule ndiye muuaji wa watoto wa Kabula. Binti yake alikuwa achumbiwe mwaka ule. Wachumba walirudi walikotoka.

Miezi ikapita. Wilaya ilifurahi, maana tangu hapo hakuna mtu wa Mwagindala aliyekufa kwa sumu. Wakajenga kando ya barabara nyumba ndogo ya matofali, sakafu ya saruji, madirisha ya juu ya kupitisha hewa, na ua wa waya. Hapo kila kaya italeta makopo na mabaki yake, na gari litapita kila msimu. Ofisa akaja na ufunguo.

"Tunataka mtunzaji mmoja," alisema. "Atapata mshahara, buti, glavu, barakoa. Na bima ya afya, yeye na nyumba yake. Nafasi ni moja. Chagueni wenyewe."

Mkutano uliitishwa asubuhi kwenye kiwanja cha shule. Mwenyekiti, mtu asiyependa kuchukiwa na yeyote, alisema, "Aliyeumia zaidi ndiye achague." Akamkabidhi Kabula ufunguo.

Niwaambie kwamba siku hizo watu hawakujua tena wamwite nani. Mama Limi hawakuthubutu, na jina lake mwenyewe walikuwa wamelisahau mdomoni. Wengi walimwita "wewe, mama."

Kabula aliutazama ule ufunguo. "Yaani mimi ndiye wa kuwapa hawa zawadi?"

Mwenyekiti akawaita wale watatu waseme.

Mbuke alisema, "Bila pua yangu, sumu ingekuwa bado chini ya vitanda. Gari lingekuja kubeba nini? Nimebaki mtu asiyejua kama nyumba yake inaungua. Naomba hiyo bima, wakanitazame hospitali kubwa."

Sayi alisema, "Kuitoa kitandani na kuiacha wazi ni kuwaua watu upya. Niliifunga mimi. Nina watoto wanne, na mikono ndiyo hii." Akaiinua. Watu wakatazama chini.

Masunga alisema, "Mapipa yaliyofungwa yangekuwa hapa mpaka leo yakishika kutu. Niliyaondoa kwa jina langu. Mimi siumwi. Lakini nikiushika ufunguo huo, nitasimama pale kila siku, na kila apitaye atajua serikali haimpi muuaji kazi ya kulinda watu."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, chukua wewe mwenyewe! Wao ndio waliokuulia watoto!"

Minong'ono ikazagaa. Wengine wakaitikia, wengine wakasema hapana, kazi hii inataka anayezijua dawa, na Kabula hajui kusoma hata lebo moja. Mbuke akaanza kulia. Sayi akasema taratibu, "Akichukua yeye, mimi sina neno."

Kabula akamgeukia ofisa. "Na nikikurudishia ufunguo wako?"

"Basi nyumba itafungwa," ofisa alijibu. "Na dawa za msimu mpya zinaingia Jumatatu. Madumu mia nne."

Kabula akafumba macho. Waliokuwa karibu naye wanasema alisikika akihesabu, mmoja, wawili, watatu, kisha akaanza tena. Alipofumbua, alikwenda akasimama mbele ya wale watatu, karibu kiasi cha kuwagusa.

"Nikikutazama wewe," alimwambia Mbuke, "nakusikia unasema anayefuata. Nikikutazama wewe, Sayi, nakiona kisu. Na wewe, Masunga, nakusikia ukisema mkayaoshe. Halafu napita mitaani naona watoto wa watu wanacheza, wako hai, nao wako hai kwa ajili yenu. Mnataka niwashukuru kwa mdomo gani?"

Ofisa alikuwa amefungua daftari, kalamu iko tayari, akingoja jina moja.

Mimi naishia hapo, jamani, kwani mbele ya hapo sina uwezo. Kuna aliyezitoa sumu majumbani, kuna aliyezifunga, kuna aliyeziondoa. Ukimtoa mmoja, kazi ya wawili haifai kitu. Kila mmoja alipoteza kile alichokuwa nacho. Na kila mmoja, kabla ya hayo, alikuwa na nafasi ya kuwaokoa Limi na Holo kwa neno moja tu, asiliseme. Kisha yuko mama aliyebaki bila hata jina la kuitwa, naye hakukosea kitu ila kuwaamini majirani zake.

Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu upesi. Kwanza kila mmoja aikumbuke chupa iliyoko nyumbani kwake, ile isiyo na lebo. Halafu mniambie: ufunguo ungekuwa mkononi mwako wewe, ungempa nani?