Msalaba wa Mwakio

Wekeni simu kando mnisikilize. Hadithi hii nimeibeba mpaka imenichosha, leo nawatwika nyinyi.

Mjini Voi walikuwako watu watatu waliotengeneza mchezo wa vita wa kompyuta pamoja na mwenzao Mwakio. Mghoi alikuwa na jicho, kitu hakimpiti. Mkala aliisoma programu kama mtu asomavyo barua ya nyumbani. Nyambu alikuwa na moyo wa kufanya lililowashinda wengine. Kiapo chao kilikuwa kimoja: mstari wa programu ulioandikwa na mwenzako huufuti bila kumwuliza.

Mwakio akapata ugonjwa uliomla misuli. Mikono ikalala, sauti ikabaki ya kunong'ona. Alitamani jambo moja tu, kumwona bintiye Wakesho akicheza fainali ya mchezo huo. Wakesho akampa nafasi katika timu yake ili aone akiwa ndani ya mchezo, akijua watapungukiwa mtu mmoja. Lakini kila walipofanya mazoezi, mchezaji wa Mwakio, asiye na wa kumwongoza, aliuawa mapema, na kioo cha kompyuta yake kikawa cheusi. Daktari naye alishasema wahesabu siku.

Mghoi akakaa kando ya kitanda siku mbili, hakubandua macho kwenye kioo. "Kamera ya mchezo, hilo jicho analoonea, haizimiki," akasema. "Inazama ardhini pamoja na maiti."

Kwa neno hilo Mkala akajua pa kutafuta. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa mchezaji. Akaifungua, akaifundisha kumfuata mwenzake aliye hai. Kamera ikapanda, ikaenda alipo Wakesho. Mwakio akaona nyasi tupu, hakuna mtu.

Nyambu akagundua kisa chake. Seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mchezo, haikuwapelekea waliouawa mchezoni habari za walio hai, wasije wakawanong'oneza wenzao maadui walikojificha. Mstari huo aliuandika Mwakio mwenyewe, alipokuwa mzima. Kumwomba ruhusa kungekuwa kumwambia kwamba mkono wake ndio uliompofusha. Nyambu hakumwuliza. Aliufuta, akavunja kiapo.

Siku ya fainali Mwakio alimwona mwanawe akikimbia, akijeruhiwa, akisimama tena. Timu ilishindwa, lakini alimwona mpaka mwisho. Kisha akamnong'oneza, "Aliyenipa kuona, ndiye abebe msalaba wangu." Wakesho alipouliza ni nani, babake alikuwa amesinzia, na hakuamka tena. Maskini, alidhani ni mmoja.

Nanyi mwajua mazishi yetu. Jeneza hubebwa na wengi, lakini msalaba wenye jina la marehemu hubebwa na mmoja, naye hutangulia.

Mghoi anasema bila jicho lake wangekuwa wakitafuta hadi leo. Mkala anasema kujua kidonda si kukitibu. Nyambu amenyamaza, kwa kuwa akijitetea, Wakesho atajua ni nani aliyeuandika mstari ule.

Jeneza liko mabegani na kaburi liko wazi. Wakesho ameushika msalaba kwa mikono miwili, anawatazama mmoja mmoja, na machozi yanamzuia kuona vizuri.

Je, wewe ungemkabidhi nani?