Mashine ya Kuvuta Umeme Kwenye Utupu

Fundi Mbwilo wa Makambako alihangaika miaka sita na mashine ya kuvuta umeme kwenye utupu, pale pasipo na kitu, na haikuwahi kuzungusha hata feni. Mkewe alianikia nguo juu yake.

Siku moja Mgaya, tajiri wa mashine za kusaga aliyesikia kuwa inatoa umeme wa bure, alikuja na wapagazi wanne kuinyakua.

"Usiihamishe, bosi, itakufa," Mbwilo alimsihi mbele ya majirani.

"Ikifa, utachukua sola yangu."

Wakaibeba. Kwa Mgaya haikutoa hata cheche, na majirani wakamkumbusha ahadi yake.

Jioni hiyo kwa Mbwilo taa ziliwaka kwa sola ya Mgaya.

"Kumbe ile mashine yako inafanya kazi?" mkewe akauliza.

"Inafanya," Mbwilo akajibu. "Ilitaka tu iondoke hapa kwanza."